Dada alipona kansa ya titi, sasa anakataa kupima mlango wa kizazi

Binti_Busia:
Habari zenu jamani, naomba mawazo. Dada yangu mkubwa ana miaka 43, alikatwa titi la kushoto, akapigwa kemo na mionzi pale hospitali ya Mulago, mwaka wa pili sasa yuko sawa, Mungu mkubwa. Juzi manesi wamekuja mtaani wanapima bure kansa ya mlango wa kizazi, mimi nikapima, yeye akasema "mimi yangu nimeshaugua, niende kutafuta nyingine ya nini". Na nyumbani tumemharibu sisi wenyewe, hatumwachi ainue hata jeriken ya lita tano, ni kula na kulala, kilo zimepanda halafu jioni bia yake moja eti inaleta usingizi. Nimwambieje bila kugombana?

Mama_Walukuba:
Mimi mwenzake dada yako, nina mwaka wa sita tangu nimalize. Hizo kansa mbili hata hazijuani! Ya chini inaletwa na kirusi cha HPV, kuugua titi hakukukingi, na hapa Uganda ndo inaongoza kwa wanawake. Wanapaka siki, wanangoja kama dakika moja, wanaangalia kama pamegeuka peupe, basi unavaa gomesi yako unarudi sokoni. Ila nyabo, anachoogopa si siki. Mi tarehe ya kliniki ikikaribia wiki nzima silali, nikikohoa tu nasema imerudi. Usimwambie "nenda kapime", mwambie "twende".

Mzee_Bombo:
Achemshe majani ya kitafeli (mstafeli), dawa yote iko hapo, hospitali wanataka pesa tu

Nesi_mstaafu:
Mzee heshima yako, lakini kitafeli hakijathibitika kutibu kansa ya mtu, na majani mengine yanagombana na dawa anazomeza. Mdogo wangu, titi lililobaki lipigwe mamogramu, ile eksirei ya titi, kila mwaka, watu wengi wanalisahau. Huo mkono wa upande wa titi lililokatwa mnaouogopa auzoeshe pole pole, kidogo kidogo, ukianza kuvimba aseme mapema. Kutembea ndo dawa ya hizo kilo, nusu saa siku tano kwa wiki inatosha kuanzia, hata kwenda sokoni na kurudi bila boda ni mazoezi. Bia sitakuficha, pombe hata kidogo inaongeza hatari ya kansa ya titi. Na muulize kama anameza tamoksifeni, vidonge vya kuzuia kansa ya titi isirudi, maana ile dawa inaweza kusumbua mfuko wa uzazi, damu ikitoka ovyo asingoje tarehe ya kliniki.

Binti_Busia:
Nesi Mungu akubariki. Nimemuuliza sasa hivi, tamoksifeni anameza, na damu ilitoka wiki mbili zilizopita katikati ya mwezi, akanyamaza eti asitutishe 😭 nimemwambia twende, kakubali ila anataka na mama aje. Jumatatu asubuhi tunapanda matatu.

Mama_Walukuba:
Bebeni na karatasi zake zote za matibabu, hata za zamani. Na chai kwa flaski, mtakaa.