Naomba ushauri: tujipime kwa modeli gani ya ukomavu?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni karani wa ushirika mdogo wa wavuvi hapa Lamu, ofisini tuko wanne tu. Mfadhili anataka tuchague modeli ya ukomavu wa michakato ya kazi, yaani kipimo cha ngazi kinachoonyesha kazi zetu zimepangika kiasi gani, na tujipime kabla ya mwaka kwisha.

Nimesoma mbili. BPMM (Business Process Maturity Model) ya OMG, shirika la kuweka viwango vya teknolojia, iliyotoka 2008, ina ngazi 5, ila ni andiko la mamia ya kurasa. Nimesinzia nalo mara mbili. PEMM (Process and Enterprise Maturity Model) ya Michael Hammer, mtaalamu wa uendeshaji wa taasisi, ya 2007, ina ngazi 4 na majedwali mnayojaza wenyewe: moja la mchakato, moja la taasisi nzima.

Nikaijaribu PEMM kwa kazi ya kupokea samaki. Samaki kama changu hupimwa gatini, uzani ukaandikwa daftarini, ukanakiliwa kwenye risiti, ndipo uingie kompyuta. Juzi kilo 42 zilifika ofisini zikiwa 24, na mwenye chombo akaja juu, kwa haki yake. Basi mimi nikatupatia ngazi ya kwanza, ya chini kabisa. Mwenyekiti, mzee wangu na simvunjii heshima, akatupatia ya tatu. Tumebishana hadi adhana ya adhuhuri.

Kuna aliyetumia mojawapo kwenye taasisi ndogo kama yetu ikamfaa? Na alama zikipishana hivi, mnaamuaje, mkizingatia pesa ya kumlipa mtu wa nje hatuna?

Shukran.