Naombeni ushauri: namuulizaje mtu kama kweli ni daktari bila kumvunjia heshima?

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu ameambiwa anahitaji upasuaji wa nyonga. Aliyemweleza alivaa koti jeupe na kila mtu pale alimwita "dokta", lakini kitambulisho hakuwa nacho na jina lake tulilisikia nusunusu. Hadi leo sijui kama ni bingwa wa mifupa, daktari wa kawaida, tabibu au mwanafunzi. Koti jeupe hata mtu wa maabara analivaa.

Simdharau mtu. Tabibu mzoefu anaweza kukutibu vizuri kabisa. Ila upasuaji lazima mgonjwa auridhie mwenyewe, sasa ataridhiaje bila kumjua anayeshika kisu?

Ninachofahamu ni kwamba cheti cha chuo na leseni ni vitu viwili tofauti. Cheti kinaweza kuning'inia ukutani miaka yote huku leseni imeisha muda wake au imefutwa. Nchi nyingi pia zina rejesta ya madaktari ambayo yeyote anaweza kuitazama, lakini bila jina kamili utatafuta nini? Kwa maoni yangu, kutaja jina, cheo na usajili ingekuwa lazima kisheria, mgonjwa asisubiri kuuliza.

Mlio kwenye fani, swali hili huwa linawakera? Nilianzeje? Mama hataki kabisa nifungue mdomo, anaogopa watamnunia akishalazwa. Miadi ni wiki ijayo.