Mtoto ana miaka minne na nusu, ABC anaijua yote lakini hasomi, nianzie wapi?

mama_wa_fuoni
Asalam alaykum jamani. Naombeni ushauri, hasa walimu kama mmo humu. Nina kijana wangu ana miaka minne na nusu, asubuhi nasari, jioni chuoni kusoma Qur'ani. Nasari yenyewe ya kulipia, wanafundisha kizungu, basi ABC anaiimba mpaka Z na ukimuonesha herufi anakutajia, ila ukimwandikia BABA anakwambia "bii, ei, bii, ei" halafu anakutazama usoni. Haungi. Sasa wifi yangu ana wa kike umri huohuo anasoma vitabu vidogo vidogo, na kila tukikutana lazma asomeshwe mbele ya watu, mpaka mama mkwe keshaanza kusema huyu wangu mzito. Baba mtu anataka tuisheni. Mie moyo unasita, lakini pia sitaki aingie darasa la kwanza yuko nyuma. Nianze nae nyumbani au nimuache kwanza? Na kama naanza, kiswahili au hicho kizungu cha skuli?

mwl_wa_wadogo
Waalaykum salaam dada. Mtoto hana uzito wowote, kafundishwa majina ya herufi hakufundishwa sauti. Kwa kizungu A inaitwa ei, E inaitwa ii, I inaitwa ai, sasa akishika hayo "baba" itatokea wapi? Anakusomea alichofundishwa.

Anza na kiswahili, mana kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mpe a e i o u kwa sauti zake, akizishika chukua konsonanti moja tu, ma me mi mo mu, na siku hiohio aunge maneno, mama, mimi, mume. Usingoje amalize herufi zote ndo aanze kuunga, hapo ndo wengi wanapochelewa. Kisha ba be bi, kisha ta te ti, polepole. Hizo ch, sh, dh, ny, ng' mpe mwisho. Dakika kumi zinatosha, akianza kujinyonganyonga funga daftari aende akacheze.

Na kabla ya daftari kuna masikio. Mpigishe makofi kwa maneno, ma-ji, ki-ko-i, muulize kitu gani humu ndani kinaanza na "ma". Hadithi za usiku na vitendawili vyote vinaingia humo. Mtoto asiesikia kua mama na maji zinaanza sawa, herufi zitamsumbua sana.

baba_kikwajuni
Mnawadekeza tu hawa watoto. Sie tulipelekwa chuoni hata vizuri hatujaanza kusema, herufi za kiarabu na alama zake za irabu, be fatha ba, be kasra bi, be dhumma bu, kiboko kiko ukutani kinakutazama na tukasoma. Leo makofi mara michezo.

mwl_wa_wadogo
Kaka, kiboko kiweke pembeni, lakini hio be fatha ba ni kuunga kwenyewe, umesema kweli bila kukusudia 😄 Dada, mjaribu mwanao, muulize be fatha, akikujibu "ba" basi mwambie na hii b ikikaa na a ni hivohivo. Keshafundishwa kuunga chuoni, nasari hawajamuonesha tu kua ni kazi moja. Ila e na o utampa kama vitu vipya, mana kwenye fatha, kasra na dhumma hazimo. Na mshikishe kidole chini ya mstari, chuoni anatoka kulia kwenda kushoto, huku anageuza, akichanganya b na d usimgombeze, umri wake huo wengi wanachanganya.

Ila pia kaka tusidanganyane, tuliosoma nao wapo waliokua wanaghani Juzuu Amma nzima, ukimfungulia katikati ya ukurasa hajui yuko wapi. Kuhifadhi kuna malipo yake, lakini kusoma ni kitu chengine. Na huyo wa wifi, mpeni kitabu asichowahi kukiona ndo mtajua.

chipsi_mtoni
Mie sio mwalim ila wangu kasomea barabarani wallahi, tunakaa kituoni tunangoja gari namwambia soma kibao, neno lake la kwanza BUBUBU, mana ukishajua "bu" ushamaliza, tena na ile 502, namba ya gari za Bububu, akajifunzia namba, baadae tukaenda Fuoni, tukapanda Jang'ombe hapo ile ng' ikamtoa jasho, sasa hivi tumegomea Mwanakwerekwe, mwa na kwe zote kwenye gari moja, anakasirika anasema tupande nyengine.

binti_wa_chake
😂😂 Mwanakwerekwe hata wakubwa wanaikosea.
Shoga, kuhusu umri usitishike. Finland watoto wanaanza darasa la kwanza mwaka wanaotimiza miaka saba, na lugha yao nayo inaandikwa kama inavyotamkwa, wanasoma vizuri tu. Watoto wanaoanza na kizungu ndo wanachukua muda mrefu kwa sababu ya spelingi zake. Tuisheni ya miaka minne mie siiafiki kabisa, pesa hio nunua vitabu vya hadithi za kiswahili, na Maisara pale maktaba ipo, mpeleke achague mwenyewe.

mama_wa_fuoni
Ahsanteni mno, Allah akulipeni. Nimemuuliza be fatha kajibu "ba" hapohapo, nikamuonesha b na a akacheka, kaandika BABA ukuta mzima wa ukumbini 🤦🏽‍♀️ Tuisheni tumeiacha kwanza. Mwalim moja la mwisho, anashika penseli mkono wa kushoto na bibi yake kila akimuona anamnyang'anya anamtilia wa kulia. Nifanyeje?

mwl_wa_wadogo
Kula mfundishe wa kulia, hilo hatugombani. Penseli mwachie alikoizoea, ukimlazimisha utampa kazi mbili kwa wakati mmoja, kusoma na kupigana na mkono wake. Karatasi iinamishe kidogo, upande wa juu uelekee kulia, asifunike anachoandika. Huyo bibi mwachie mumeo azungumze nae, ndo mamaake.