Mrejesho: mistari iliyokuwa ikitetema kwenye picha ya Super Nintendo imetoweka

Ndugu zangu, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini picha ya Super Nintendo, konsoli ya zamani ya michezo ya video, ikipitia kikuza picha (kifaa kinachoikuza picha ya konsoli ili ienee kwenye televisheni ya kisasa) hadi kwenye televisheni bapa ya 1080p, yaani yenye mistari 1080 ya mlalo, ilionyesha mistari ya wima inayotetema kila mandhari iliposogea, pamoja na herufi zenye kingo zilizofifia.

Kasoro haikuwa kwenye kebo. Konsoli hii hutoa nukta 341 kwa kila mstari wa mlalo wa picha, 256 kati yake zikiwa ndizo zinazoonekana, ilhali kikuza picha changu kilichukua sampuli (yaani kilipima rangi mahali pamoja pamoja kwenye mstari) kwa idadi isiyolingana na hiyo, kwa hiyo baadhi ya pikseli zilitoka pana kuliko jirani zake. Nilipoweka sampuli 341, mistari inayotetema ilitoweka, lakini ukungu wa herufi ulibaki mpaka nilipoanza kurekebisha fezi (wakati hasa ndani ya kila nukta ambapo sampuli huchukuliwa), hatua moja baada ya nyingine, nikiwa nimekodolea macho mguu wa herufi moja tu kwenye menyu, hadi weupe wake ulipojitenga kabisa na weusi. Kazi hiyo yataka subira, nami nawasihi msiiharakishe.

Kuhusu ukubwa, nimechagua kuzidisha mara 5: mistari 224 ya picha ya mchezo inakuwa 1120, ilhali televisheni ina 1080, hivyo 40 hukatwa, yaani mistari 8 tu ya mchezo wenyewe. Mara 4 haikati chochote, nami huirudia pale alama zinapoandikwa ukingoni kabisa. Aliyenishauri nishughulikie sampuli kabla ya kununua kebo nyingine, namshukuru kwa dhati.