Seiko 5 ya marehemu mzee (7009): kuoshwa haraka, kufunguliwa yote, kuwekwa mashine mpya, au nifanye mwenyewe?

MtotoWaGerezani

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wenu kabla sijaharibu kitu ambacho siwezi kukinunua tena.

Mzee wetu alifariki mwaka jana, na mimi nikaachiwa saa yake, Seiko 5. Aliinunua 1986 akiwa fundi wa reli, akaivaa mpaka macho yaliposhindwa kuisoma. Kila siku taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza redioni alikuwa anaivua, anairekebisha, anairudisha mkononi. Nyuma imeandikwa 7009, na namba ndefu inaanza na 52. Uso ni wa buluu, umefifia upande wa namba 4, na karibu na dirisha la tarehe kuna doa la kahawia dogo kama punje ya uwele.

Nikiitikisa inatembea dakika kumi, kumi na tano, halafu inalala. Nikizungusha ufunguo (kile kitufe cha pembeni) sisikii kamani, ile springi inayoendesha saa, ikibana; unazunguka bure tu.

Nimezunguka Kariakoo na Posta wiki mbili. Fundi wa kwanza anakaa kibarazani, anataka 25,000, anaiosha nikisubiri, nusu saa. Wa pili ana chumba ghorofani si mbali na Mnara wa Saa, anataka 90,000 na wiki mbili, anasema atafungua kipande kwa kipande. Wa tatu ni duka: 140,000, wanaweka mashine mpya na kupaka uso upya, "itoke kama ya jana". Na rafiki yangu ananiambia ninunue vifaa nifanye mwenyewe, kwa sababu kazi yangu ni kutengeneza simu na mkono ninao.

Nyie mnaozijua hizi saa, mngefanya lipi?

Kivukoni77

Pole sana kwa msiba, mkuu. La haraka: ufunguo kutokuwa na kamani si ugonjwa. 7009 haitiwi ufunguo kwa mkono, inajijaza yenyewe ukiivaa. Usije ukakubali mtu akwambie "kamani imekatika" kwa dalili hiyo peke yake.

Nakupigia kura fundi wa ghorofani.

BisibisiNdogo

Pole kwa kufiwa, ndugu yangu. Nina hizi saa tangu nikiwa kijana, na nimezifungua nyingi, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu kidogo.

Kwanza umri wake. Seiko wa miaka ile tarakimu ya kwanza ya namba ndefu ni mwaka, ya pili ni mwezi. 52 ni Februari ya mwaka unaoishia na 5. Kwa kuwa mzee alinunua 1986, hiyo ilitoka kiwandani Februari 1985. Na hiyo 7009 ndiyo jina la mashine iliyomo ndani. Kwa hiyo ukifungua mfuniko ukakuta imechongwa 7009, mashine ni ya aina ile ile saa iliyotoka nayo kiwandani.

Seiko 5 zilianza 1963, na ufunguo wake ulisogezwa mpaka namba 4 na kufichwa nusu ndani ya kasha kwa sababu hiyo hiyo aliyosema Kivukoni77: mvaaji hana haja ya kuushika kila asubuhi. Ndani kuna kipande cha nusu mwezi kinachozunguka mkono ukitembea. Chini yake kuna mkono mdogo wenye ncha mbili kama makucha. Nusu mwezi ukienda kulia, kucha moja inavuta gurudumu. Ukienda kushoto, kucha nyingine inalisukuma. Kamani inajaa kwa pande zote mbili. Seiko walianza kuutumia mpango huo 1959. Nauheshimu mno, maana una vipande vichache na hauchoki.

Sasa tuje kwenye tofauti ya 25,000 na 90,000. Kinachoitwa "kuosha" pale kibarazani mara nyingi ni hivi: anatoa mashine nzima, anaitumbukiza kwenye petroli, anaipuliza, anadondoshea mafuta, anafunga. Inatembea kweli, na wewe unaondoka umefurahi. Lakini mafuta ya miaka arobaini yamegeuka gundi ndani ya matundu ya mawe (vijiwe vinavyoshika mihimili ya magurudumu), na ndani ya ngoma ya kamani, kile kikopo ambamo kamani imeviringishwa, petroli haikufika. Tena petroli imeyayeyusha machafu ya juu na kuyapeleka chini.

Halafu mafuta yenyewe. Wengi wanatumia ya cherehani. Ya cherehani ni mazuri kwa cherehani. Kwenye saa yanatambaa, yanaondoka pale yanapotakiwa na kupanda kwenye kamani ya mizani (gurudumu linalopima mwendo wa saa), kamani ile nyembamba kama unywele. Mizunguko yake ikigandana, saa inakimbia dakika nyingi kwa siku. Mafuta ya saa yanakaa mahali yalipowekwa, na kila sehemu ina yake: mepesi kwenye magurudumu yanayokimbia, mazito kwenye yanayobeba nguvu, na grisi maalumu kwenye ukuta wa ngoma.

Hiyo ya ukutani watu wanaisahau. Kamani ya saa inayojijaza haikufungwa kwenye ukuta wa ngoma, inaubana tu. Ikijaa inateleza, ili usiikate kwa kutembea siku nzima. Fundi akipaka mafuta mepesi pale, inateleza kabla haijajaa. Utaivaa mchana kutwa, ukiiweka mezani usiku, asubuhi utaikuta imekufa. Ukiona hivyo baada ya matengenezo, ujue ngoma haikufunguliwa au ilipakwa visivyo.

Kwa hiyo ukimrudia fundi wa ghorofani muulize mambo mawili tu: "Ngoma ya kamani utaifungua?" na "Unatumia mafuta gani?" Akikuonyesha vichupa zaidi ya kimoja, mwachie saa.

TandikaMwisho

Mimi nililipa hiyo ya haraka, kwa fundi ambaye sitamtaja. Citizen ya mjomba. Ilitembea wiki tatu. Masika yalipoanza kioo kikawa na ukungu kwa ndani kila nikitoka kwenye mvua, kwa sababu mpira wa mfuniko alirudisha ule ule uliokuwa umekauka kama tambi. Kutu ikaanza kwenye mhimili wa ufunguo. Gharama ya kuondoa kutu ilizidi mara tatu ile niliyookoa.

Mkuu, joto na chumvi ya hapa Dar havisamehe. Mpira mpya ni lazima, na ukishawekwa bado usiende nao Coco Beach.

Mwana_Ilala

Nataka niwatetee kidogo mafundi wa kibarazani. Ninayemtumia mimi hana hata kiti chenye mgongo, lakini ana lenzi yake ya jichoni, vibano vitano na mkono mtulivu kuliko wengi wenye vyumba. Anaifungua yote, ila hakufanyii ukisimama juu yake. Anasema njoo Jumamosi. Kiti na ghorofa visikudanganye, angalia muda anaoomba. Nusu saa haitoshi kwa mtu yeyote, hata awe nani.

NuruWaUpanga

Kaka, pole. Nakuomba kitu kimoja: uso wa ile saa usiguswe.

Nakusanya saa hizi miaka minane sasa. Mtandaoni zimejaa Seiko 5 zilizopakwa uso upya, nyingi zinatoka India, buluu inang'aa, machungwa, kijani. Kwa mbali zinapendeza. Ukiweka lenzi unaona herufi za jina zimevimba, mistari ya dakika imepinda, na yale maandishi madogo kabisa chini ya namba 6, yenye namba ya uso, yamefutika au yamegeuka madoa. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi.

Na hilo doa la kahawia usijaribu kulisugua kwa pamba yenye maji wala mate. Maandishi yanatoka na pamba. Fundi apulize vumbi tu kwa kile kipulizio cha mpira, aishie hapo.

Kuhusu kuwekewa mashine mpya: mashine ya zamani inabaki na nani? Nilimwona mtu akilipia hivyo, akarudi nyumbani na kasha limeandikwa namba moja na ndani mna nyingine, na ile aliyoivaa baba yake imekuwa vipuri vya duka. Ukienda popote, kwanza piga picha namba ya nyuma, na umwombe fundi afungue mfuniko mbele yako upige na mashine.

Kivukoni77

Naongezea kwa Dada Nuru. Kubadilisha mashine kuna mahali pake. Ndugu yangu ana Seiko 5 ya juzi juzi, yenye mashine ya 7S26, tukamwekea mashine mpya zaidi, NH36. Ilikaa vizuri, na sasa anaweza kutia ufunguo na mshale wa sekunde unasimama akivuta. Lakini ile ni saa ya kazini, hana historia nayo. 7009 ya mzee si ya kufanyiwa hivyo.

ChipuMwenge

Nami ni fundi simu kama wewe, kwa hiyo nakujibu hiyo ya kufanya mwenyewe. Inawezekana. Ila usianze na hiyo.

Bisibisi nzuri za saa, kibano kisicho na sumaku, kishikio cha mashine, lenzi, aina tatu za mafuta: ukijumlisha unapita 90,000 za fundi kabla hujagusa skrubu. Mimi nilinunua saa mbovu tatu za Kariakoo nikazifungua na kuzifunga mwezi mzima. Ya kwanza niliiua. Skrubu iliruka, na skrubu ya saa ikiruka kwenye chumba chenye zulia umeiaga.

Tabia zetu za simu ndizo zinazoponza. Sisi tumezoea kuosha kila kitu kwa spiriti. Kwenye saa kuna kipande kinaitwa uma, kina mawe mawili mekundu kwenye ncha, na mawe yale yameshikwa kwa lakiri, aina ya gundi. Spiriti inayeyusha lakiri. Nililoweka uma wangu usiku kucha, asubuhi nikakuta jiwe moja limelala chini ya chupa.

Jingine ni sumaku. Meza zetu zimejaa spika na bisibisi zenye sumaku. Saa ikikaa pale, kamani ya mizani inashika sumaku na inaanza kukimbia. Pitisha saa karibu na dira ya simu. Sindano ikicheza, itolewe sumaku kwanza kabla hujalipa fundi kwa kosa ambalo si la mashine.

BisibisiNdogo

Chipu amesema kweli tupu. Hilo la lakiri nililijua baadaye sana.

Shangazi_K

Naomba kuuliza hapa hapa. Yangu ni Orient ya marehemu mume wangu, ina kitufe cha ziada kwenye namba 2. Fundi anasema ni ya kusimamisha sekunde na imeharibika.

NuruWaUpanga

Shikamoo shangazi. Orient nyingi za zamani kitufe cha namba 2 ni cha kubadilisha siku ya wiki, si cha sekunde. Kibonyeze taratibu uone kama Jumatatu inakwenda Jumanne. Ila usifanye hivyo kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, maana muda huo magurudumu ya tarehe yanakuwa yameshikana na unaweza kuvunja jino. Hilo ni kwa saa zote hizi, hata za tarehe peke yake.

Shangazi_K

Marahaba mwanangu. Imekwenda. Mungu akubariki.

MtotoWaGerezani

Wakuu, nawashukuru wote. Narudi na majibu, wiki tatu baadaye.

Nilimrudia fundi wa ghorofani. Nikamuuliza yale maswali mawili. Hakujibu, alivuta droo akaniwekea mezani vichupa vinne na kopo dogo la grisi, akasema, "Hii ya ngoma." Nikamwachia. Dada Nuru, nilipiga picha zote, na mashine imechongwa 7009 kweli.

Alinipigia siku ya nane nije nione. Vipande vyote vilikuwa vimepangwa kwenye kisanduku chenye vyumba, vimeoshwa, vinang'aa. Akanipa lenzi. Akanionyesha tundu la jiwe moja kabla hajalisafisha: mafuta yamekauka yakawa mduara wa kahawia kama masalia ya chai kwenye kikombe. Kisha akanionyesha makucha mawili ya kile kipande alichoeleza BisibisiNdogo. Hayajalika hata kidogo. Mzee alitembea juu ya reli miaka yote ile na makucha bado yana ncha.

Jumla ikawa 105,000, maana mpira na kioo vilihitaji kubadilishwa. Kioo kilikuwa na mkwaruzo mrefu, nikawa nataka ung'arishwe kwa dawa ya meno kama nilivyosikia. Akanieleza kuwa dawa ya meno inafaa kioo cha plastiki, hiki ni kigumu, hakisikii. Kioo cha zamani nimekichukua, kipo kwenye bahasha. Uso haukuguswa, na doa lipo pale pale.

Nimeivaa siku sita, kila saa mbili usiku nailinganisha na redio. Jana ilikuwa mbele dakika moja na sekunde ishirini kwa siku zote sita, yaani kama sekunde kumi na tatu kwa siku. Fundi amesema niivae mwezi mzima kwanza ndipo atarekebisha kasi yake, kwa sababu mafuta mapya yanahitaji kutulia. Kuna mwenye uzoefu, mwezi mmoja unatosha au nisubiri zaidi?

BisibisiNdogo

Wiki mbili tatu zinatosha, lakini mwezi ni salama zaidi. Hata NH36 mpya kutoka kiwandani inaruhusiwa kwenda mbele sekunde 40 kwa siku, kwa hiyo kumi na tatu kwa saa ya 1985 ni afya njema. Na usiku ukiivua jaribu kuilaza uso juu, kesho yake uilaze kwa ubavu, uandike tofauti. Mpelekee fundi karatasi hiyo, itamsaidia kuliko maneno.

MtotoWaGerezani

Nimeanza leo. Usiku huu imelala uso juu.