Ebedmeleki Mkushi: je, ana la kutufundisha zaidi ya ujasiri?

Swali
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimepangiwa kuongoza somo la vijana usharikani kuhusu watu wanaotajwa kwa uchache katika Biblia, nami nimemchagua Ebedmeleki, towashi Mkushi wa nyumba ya mfalme Sedekia, aliyemtoa Yeremia shimoni (Yeremia 38:7-13). Tatizo ni kwamba kila ninachoandika kinaishia kwenye ujasiri, na vijana wetu wamekwisha kufundishwa ujasiri kwa Daudi, kwa Danieli na kwa Esta. Je, nimtafute mwingine?

Jibu la kwanza
Usimwache, mpendwa. Soma polepole mstari wa 11 na wa 12. Shimo la Malkiya, alimotupwa Yeremia, halikuwa na maji bali tope, na kamba peke yake zingetosha kumtoa nabii. Hata hivyo Ebedmeleki alipita kwanza chini ya hazina, akachukua matambara na nguo kuukuu, akamteremshia Yeremia na kumwelekeza aziweke kwapani, chini ya kamba, ili zisimchubue wakati wa kuvutwa. Sisi kanisani kamba tunazo. Tunampelekea mjane unga na sukari, kisha tunampanga mbele ya simu zetu apigwe picha akipokea, wala hatujiulizi kama anaumia. Mimi ningelifundisha somo zima juu ya matambara hayo.

Jibu la pili
Matambara ni sawa, lakini ujasiri nao usiuache; utazame tu ni wa namna gani. Wakuu waliomtupa Yeremia walikuwa na nguvu kiasi kwamba Sedekia mwenyewe alikiri hawezi kuwapinga (38:5), na mgeni huyu alimwendea mfalme akiwa ameketi langoni pa Benyamini, akasema waziwazi kwamba watu hao wametenda mabaya. Halafu linganisha na 39:15-18, ambapo Bwana anamwahidi kwamba hatatiwa mikononi mwa watu anaowaogopa. Kumbe alikuwa akiogopa! Na katika ahadi hiyohiyo Bwana anasema atamwokoa kwa kuwa amemtumaini; hofu yake haikuhesabiwa kuwa ni kukosa imani. Kijana anayetetemeka anapotakiwa kumtetea mwenzake analihitaji hilo kuliko habari za Goliathi.

Jibu la tatu
Naomba kuongeza tahadhari. Jina Ebedmeleki maana yake ni mtumishi wa mfalme, kwa hiyo yawezekana lilikuwa cheo tu. Kushi nayo ilikuwa kusini mwa Misri, kwa sehemu kubwa katika Sudan ya leo. Wakikuuliza juu ya wale watu 30 aliopewa na mfalme wamsaidie kumtoa Yeremia, uwaambie kwamba baadhi ya tafsiri husoma watatu. Zaidi ya yote, usiwaambie vijana kwamba Yeremia aliachiwa huru siku ile, kwa maana alibaki katika uwanda wa walinzi mpaka Yerusalemu ulipotekwa na Wababeli, yapata mwaka 587 K.K. Ebedmeleki alimtoa kwenye tope, kifungo hakukiweza.

Muulizaji
Nimewaelewa, na Mungu awabariki. Jumapili nitakuja na kamba na nguo kuukuu, kisha nitaomba kijana mmoja ajitolee kufungwa kwapani, kwanza bila nguo hizo.