Tupeane uzoefu: ulirithi nini cha ibada kwa wazee wako?

Mjukuu wa Ifakara
Wakuu, Jumatano ya Majivu nimetoka kanisani na msalaba kwenye paji la uso, na kabla sijafika getini nimeshapiga selfi nikairusha stetasi. Injili tuliyosomewa muda mfupi tu nyuma ni ile ya Mathayo 6: ukitoa, mkono wa kushoto usijue, ukisali, funga mlango, ukifunga, nawa uso watu wasikujue. Aibu imenikuta nikiwa tayari kwenye bodaboda.

Nikamkumbuka bibi. Kule kwetu Kwaresima huangukia miezi ambayo mpunga bado uko shambani na ghalani kumebaki vumbi. Kila akipika, akishapima mchele anachota konzi moja anatia kwenye kopo la Blue Band. Hakumtangazia mtu, ila ubwabwa ulikuwa unapungua tu. Ijumaa usiku ananituma: "Weka mlangoni, piga hodi, wakifungua uwe umeshafika kwenye mwembe."

Elisha aliokota vazi la Eliya, mimi niliokota kopo. Wenzangu?

Kahawa Chungu
Dada, mimi Muislamu wa Tanga, lakini hilo la mkono wa kushoto hata kwetu lipo, kwenye hadithi ya watu saba watakaowekwa kivulini na Mwenyezi Mungu siku ya Kiyama.

Mzee wangu alikuwa anafunga sunna, Jumatatu na Alhamisi. Muuza kahawa akipita barazani, naye ananunua kama wenzake. Anakishika kikombe, anapiga soga, anakishika, mpaka kinapoa, kisha ananipa mimi nimalizie. Utoto wangu wote nilijua baba hapendi kahawa iliyopoa, basi. Sasa mimi mwanawe nikifunga Alhamisi, ikifika saa nne asubuhi ofisi nzima inajua, hadi mlinzi.

Mama Wawili
Mimi nilirithi fimbo. Rozari ya familia saa mbili usiku, ukisinzia fumbo la tatu unachapwa. Nilipofika chuo nikaacha kusali, miaka minane. Siku hizi nasali kwenye daladala ya Mbagala, Salamu Maria kumi kwa vidole vyangu kumi, mikono iko chini ya mkoba, na utulivu ninaoupata pale sikuwahi kuupata kwenye ule mkeka wa nyumbani.

Ila niulize bila ubaya: tukijificha hivi, watoto watarithi nini? Wangu hawajawahi kuniona nimepiga magoti.

Kahawa Chungu
Mzee aliwaficha wa barazani, dada. Kikombe alinipa mimi.

Mjukuu wa Ifakara
Hapo nimenyamaza kidogo. Basi jana nimemtuma wa kwangu, miaka saba, na kopo, kwa jirani aliyesimamishwa kazi. Karudi anahema: "Mama, wameniuliza nimetumwa na nani, nikawaambia. Wamesema asante!"

Tutajaribu tena Ijumaa.